Aliyeacha Gemu Msimcheke, na Msimpigie Vigelegele



Leo nimekuja na ugomvi kidogo, mnivumilie. Nimechoka na maneno tunayoyasema mtu anapoacha gemu la mtandaoni alilolicheza miaka. Kijana amekaa na Free Fire tangu kidato cha pili, leo kalifuta kwenye simu, na sisi tayari tunaijua sababu. Mama yake anasema, "Alhamdulillahi, amekua." Shangazi anasema dua zimejibiwa. Wenzake wa kijiweni wanasema ameshindwa huyo, kakimbia. Na mke akiona mume kaacha PUBG anampigia dada yake simu usiku huohuo: "Shoga, kapata akili!"

Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenyewe.

Mimi nimewauliza. Naishi Nyabibuye, Kigoma ya juu, upande wa Burundi. Zamani tulihesabiwa Kibondo, tangu 2012 tuko wilaya ya Kakonko. Mtu wa Unguja atasema, huko milimani nako kuna magemu? Yapo, mwenzangu. Nje ya kibanda changu cha kushonea kuna benchi, na ndani kuna soketi ya kuchajia simu, kwa hiyo vijana hawaniishi. Wanacheza pale, wanagombana pale, na mmoja akipotea kwenye gemu nasikia akisemwa. Nimewauliza vijana, nimemuuliza mwalimu mmoja mtu mzima, nimewauliza wanawake wawili waliokuwa wakicheza ludo ya mtandaoni mpaka saa saba usiku. Majibu yao hayafanani kabisa na vigelegele vyetu. Wengi hawakuacha kwa kuchoshwa. Waliacha wakiwa bado wanalipenda gemu lenyewe. Waliacha kwa sababu lilikuwa limegeuka deni, deni lisilo na siku ya kumalizika, na mtu hafurahii kitu anachokidaiwa hata kama alikipenda mwanzoni.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo, na nitaueleza polepole.

Chukua bao. Pale Jaws Corner Mji Mkongwe, au kibarazani kwenu, wazee wamekaa na bao lao, mashimo 32, kete 64. Wanaanza namua, wanaingia mtaji, na safu ya mbele ya mmoja ikibaki tupu mchezo umekwisha, hakuna ubishi. Adhana ikitoka wanainuka. Kesho kete zinapangwa upya, na aliyefungwa jana anaanza sawa na aliyemfunga. Mzee asipotokea wiki nzima, wenzake watamuulizia hali, mgonjwa au kasafiri, lakini hakuna kete zilizooza kwa sababu hakuja. Bao halimdai.

Na kwa wale dada zangu ambao kwao kila mchezo ni haramu, niwakumbushe tu kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe bibi Aisha (r.a.) wakiwa safarini. Mara ya kwanza alishinda bibi Aisha. Baadaye sana, akiwa ameongezeka mwili, wakashindana tena, akashinda Mtume. Mbio zile zilikuwa na pa kuanzia na pa kuishia, wakacheka, safari ikaendelea. Mimi sina ugomvi na mchezo. Mtu mzima kucheza si aibu wala si dalili ya kukosa dini.

Sasa litazame gemu la mtandaoni la siku hizi. Utaniambia mechi ya Free Fire nayo inaisha: watu 50 wanashuka kisiwani, dakika kumi hivi kimebaki kikosi kimoja. Ni kweli. Lakini mechi ni sehemu ndogo. Kinachomshika mtu ni vile vilivyoizunguka mechi: zawadi ya kuingia kila siku, majukumu ya wiki, daraja ambalo msimu ukibadilika unateremshwa uanze kulipanda tena, pasi ya mwezi ambayo ukishailipia lazima ucheze sana ili upate vyote vilivyomo. Hivyo haviishi. Vimetengenezwa visiishe. Kampuni inaweza kuongeza msimu mpya kila miezi michache mpaka mjukuu wako azaliwe.

Kitu kisichoisha, mtu hawezi kukimaliza. Anaweza kukitoroka tu. Kwa hiyo anayeacha anaonekana mtoro, na yeye mwenyewe anajiona mtoro, anaondoka kimyakimya usiku kama mpangaji anayekimbia kodi. Halafu sisi tunasema amekua.

Mfano mzuri kuliko yote naujua, na unatuhusu sisi tunaoishi kwa jembe. Mwaka 2009, mwezi Juni, lilitoka gemu linaitwa FarmVille, likawa ndani ya Facebook. Unapewa shamba, unalima, unapanda, unavuna, unafuga, na majirani zako ni marafiki zako wa Facebook. Kufika mwanzoni mwa 2010 lilikuwa na wachezaji zaidi ya milioni 80 kwa mwezi. Wengi wao hawakuwa wavulana wenye bunduki, walikuwa watu wazima, wanawake wengi sana, mama wa nyumbani, makarani, bibi za watu.

Angalia lilivyotengenezwa. Stroberi za FarmVille ziliiva kwa saa nne. Na ukichelewa kurudi, zilinyauka. Sasa mkulima wa Nyabibuye anisaidie hapa. Maharage yanataka kama miezi mitatu. Muhogo ukishakomaa unakusubiri ardhini. Umeuguza, umefiwa, umesafiri, unarudi unaukuta. Mwenyezi Mungu alivyoumba shamba ameweka ndani yake huruma ya kumsubiri mtu. Yule aliyetengeneza shamba la kwenye Facebook huruma hiyo aliitoa kwa makusudi. Aliweka stroberi ya saa nne ili mama wa watu aamke usiku kuvuna kitu kisicholika.

Na walikuwa wakiamka kweli. Wanavuna wakiwa kazini, wanavuna kwenye foleni ya hospitali. Kisha wakaanza kuacha, kwa mamilioni. Kwa nini? Kwa sababu siku moja mtu anakwenda harusini kwa ndugu yake, anarudi anakuta shamba zima limenyauka, anatazama ule ukavu, na badala ya huzuni anasikia nafuu. Deni limefutika lenyewe. Harudi tena. FarmVille lile la kwanza lilifungwa rasmi tarehe 31 Desemba 2020, lakini kwa wengi lilikuwa limekwisha zamani, siku waliyoukuta ukame na wakashukuru.

Kuna mtu anaitwa Ian Bogost, wakati huo mwalimu wa chuo huko Atlanta, Marekani, aliyekuwa akiudhika na magemu haya kama mimi. Mwaka 2010 akatengeneza gemu la kuyakejeli, Cow Clicker. Unapewa ng'ombe. Unambonyeza. Ng'ombe analia. Unasubiri saa sita, unambonyeza tena. Hakuna kingine! Alilitengeneza ili watu waone upuuzi wenyewe, waamke. Unadhani waliamka? Zaidi ya watu 50,000 wakaanza kubonyeza ng'ombe. Huku kwetu Waha mtu akisema ana ng'ombe tunajua ana mahari, ana maziwa, ana samadi, ana heshima; wale walikuwa na picha. Bogost mwenyewe ilibidi awaondoe ng'ombe wote, tarehe 7 Septemba 2011, wakabaki watu na malisho matupu. Na bado wapo waliokuwa wakirudi kubonyeza pale mahali ng'ombe alipokuwa amesimama.

Mimi nilipoisoma habari hiyo nilicheka, kisha nikanyamaza. Maana inaonyesha wazi kwamba mtu anaweza kuendelea na gemu hata pale ambapo hakuna raha yoyote iliyobaki. Kuendelea kwake si ushahidi kwamba anafurahi. Basi na kuacha kwake kusitafsiriwe kirahisi namna ile.

Sasa nije kwenye kazi, kwa sababu hili wanawake tutalielewa upesi.

Gemu linaloitwa World of Warcraft lilianza Novemba 2004. Mwaka 2010 lilikuwa na wateja milioni 12 wanaolipa. Mwishoni mwa 2015 walikuwa wamebaki milioni tano na nusu, kampuni ikaamua kuacha kutangaza hesabu. Katika miaka yake ya mwanzo, kulikuwa na mapambano ya kuingia watu 40 kwa pamoja. Fikiria kazi hiyo. Watu 40, kila mmoja na nchi yake na saa zake, na kuna mtu mmoja wa kuwapanga: wewe utakinga, wewe utatibu, wewe umechelewa, wewe na yule msigombane, mali tuliyoipata tuigawe hivi. Mtafiti Nick Yee aliandika mwaka 2006 kwamba wachezaji wa magemu ya namna hii walikuwa wakitumia wastani wa saa zaidi ya 20 kwa wiki, na kwamba viongozi wa vikundi walikuwa wanaeleza gemu kama kazi ya pili, yenye uchovu wa kazi hasa.

Nani kati yetu hajawahi kuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa? Unajua ninachosema. Wanachama wanakuja kikao wakipenda, wewe lazima uje. Wao wakigombana wanaondoka, wewe unabaki kuwapatanisha. Siku unayojiuzulu watu wanashangaa, "mbona ulikuwa unaipenda kazi hii?" Uliipenda. Ndiyo iliyokumaliza.

Yule mwalimu niliyemtaja juu alikuwa kiongozi wa kikosi cha PUBG, vijana wa Kakonko, Kibondo na mmoja aliyehamia Mwanza. Yeye ndiye aliyekuwa anawaita, anawapangia saa, anawatumia bando wasio nalo. Aliniambia kwamba ilifika mahali akisikia mlio wa ujumbe kutoka kwa kikosi moyo unamwenda mbio kama ameitwa na mkuu wa shule. Akajitoa. Wiki tatu baadaye na kikosi hakipo. Hakuna aliyekuwa tayari kuibeba kazi ile, na wanne wakibaki watatu, kisha wawili, gemu linakuwa geni. Unaingia unawekwa na watu usiowajua, wanakutukana kwa lugha usiyoijua. Wale waliofuata kuacha hawakuacha gemu. Waliacha chumba kitupu.

Ndiyo maana nasema lile neno "ameshindwa" ni la kitoto. Na lile "amekua" nalo halitoshi, kwa sababu linadharau alichokipoteza. Kijana wa Nyabibuye aliyekuwa akiongea kila usiku na rafiki yake aliyehamia Mwanza, akiacha gemu amepoteza baraza. Utamwona amekaa kimya siku mbili tatu, na wewe mama unashukuru kwamba sasa ametulia! Mpe pole. Kakubali kubaki mpweke ili apumzike.

Halafu kuna hela. Hapa sitakuwa na upole.

Ndani ya magemu haya kuna almasi, kuna sarafu, unazinunua kwa hela halali iliyotoka kwenye M-Pesa ya baba yake mtu. Na hizo almasi wakati mwingine hazinunui kitu moja kwa moja. Zinanunua bahati. Unazungusha, labda upate nguo ya shujaa wako, labda upate takataka. Ukikosa unazungusha tena. Jamani, hiyo sisi tunaiitaje? Ubelgiji si nchi ya Kiislamu, lakini tume yao ya kamari ilikaa mwaka 2018, ikayatazama masanduku ya bahati yaliyomo ndani ya magemu, ikasema yanavunja sheria ya kamari. Sisi ambao kamari tumekatazwa ndani ya Kitabu, tena katika aya moja na pombe, tunamtumia mtoto elfu tano "anunue almasi" na hatuulizi almasi hizo zinafanya nini. Ukiuliza gemu lina bunduki unaambiwa na unakasirika. Hukuuliza kama lina gurudumu la bahati.

Na usidhani ni ujinga wa watoto. Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, yenye gemu la Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 huko Marekani. Zaidi ya nusu ilikuwa kwa kuvunja sheria ya faragha ya watoto, na dola milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia watu waliotozwa kwa vitufe vilivyopangwa mahali pa kumfanya mtu anunue bila kukusudia. Wataalamu wazima wamekaa ofisini wakapanga vidole vya mtoto wako viteleze wapi.

Hela ndiyo inayowafanya wengi wasiache mapema. "Nimeshaweka laki moja na nusu humo, nitaiachaje?" Kijana aliniambia hivyo, na kwa kipato cha hapa kwetu laki moja na nusu ni mbuzi. Nikamwambia atazame ninavyokata kitambaa. Mteja akileta kitambaa kibovu, kinachochanika kila sindano ikipita, sileti kitambaa kingine kizuri nikakishonea juu yake ili kile cha kwanza kisipotee bure. Kimeshapotea. Alinisikiliza lakini hakuacha siku hiyo. Aliacha miezi kadhaa baadaye, siku ilipotoka nguo mpya ya shujaa na ile yake aliyoilipia ikaonekana ya zamani. Yaani si mimi niliyemshawishi, ni kampuni yenyewe. Tamaa yao ilimfungua macho.

Wengine watasema, hapana, watu huku wanaacha kwa sababu ya bando na mtandao. Nakubali ni sehemu. Seva nyingi za magemu haya ziko mbali na sisi, unapiga risasi leo inafika kesho, unakufa hujamwona aliyekuua. Aprili 2021 bei za bando zilipopandishwa nchi nzima ilipiga kelele hadi serikali ikasitisha. Na Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, Tanzania nzima intaneti ikawa inatambaa kwa siku kadhaa, bara na visiwani.

Lakini siku zile ndizo zilizonifundisha. Bando likipanda bei, mtu hapunguzi WhatsApp. Hapunguzi miamala. Anapunguza kile alichokuwa anatafuta ruhusa ya kukiacha. Katika wale wa benchi langu, wawili hawakurudi kwenye gemu baada ya ile Mei. Mtandao ulirudi, simu zilikuwa zilezile, bando lilikuwepo. Zawadi ya kila siku ilikuwa imekatika, ule mfululizo wa siku walioulinda kwa miezi umevunjika bila kosa lao, na kumbe hakuna kilichotokea. Hakuna aliyekufa. Kukatika kwa nyaya kuliwapa kile ambacho gemu liliwanyima, yaani siku ya mwisho.

Na kama unataka kuona watu wakipewa siku ya mwisho ya wazi, kumbuka Hamster Kombat. Liliingia Telegram Machi 2024, la kubonyezabonyeza tu, na ahadi kwamba siku moja utagawiwa sarafu. Waliolitengeneza walidai wamefika watu milioni 300. Huku kwetu walibonyeza waendesha bodaboda, wauza mitumba, wanafunzi, na akina mama wenye vibanda, msinifiche, najua mlibonyeza. Tarehe 26 Septemba 2024 sarafu zikagawiwa, wengi wakapata thamani ya dola chache kwa miezi ya kubonyeza, na wakaondoka kwa wingi wiki hiyohiyo. Hakuna aliyesema "wamekua." Kila mtu alielewa: walikuwa vibarua, mshahara umetoka, ni mdogo, kazi wameiacha. Sasa kwa nini mtu akiacha Free Fire au PUBG, ambako hata mshahara huo mdogo hakuna, tunashindwa kuelewa vilevile?

Sisemi kila mchezaji ni mgonjwa. Shirika la Afya Duniani limeuingiza ulevi wa magemu katika orodha yake ya maradhi inayotumika tangu Januari 2022, na masharti yake si mepesi: mtu ameshindwa kujizuia, gemu limetangulia kila kitu, anaendelea huku linamharibia maisha, na hali hiyo kwa kawaida idumu kama mwaka mzima. Huyo anahitaji mtaalamu. Wengi wa wanetu na waume zetu hawako huko. Wako kwenye deni la kawaida, linalochosha, na wanatafuta mlango.

Na sisi tunafanya nini mlangoni? Tunawafungia.

Mke ananyang'anya simu, anapiga kelele mbele ya watoto: "Chagua, mimi au gemu!" Mwanamume aliyekuwa amebakiza wiki mbili aache mwenyewe sasa hawezi kuacha, kwa sababu akiacha ataonekana ameshindwa na mkewe. Atacheza mwaka mwingine kwa ubishi tu. Mama anafuta gemu kwa siri mtoto akiwa madrasa. Mtoto anarudi, analipakua upya, na sasa ana sababu ya kulipenda kuliko mwanzo, maana limekuwa siri yake. China ilijaribu kwa nguvu ya dola, tangu Septemba 2021 mtoto wa chini ya miaka 18 anaruhusiwa saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Wana serikali yenye uwezo wa kufanya hivyo. Wewe una kandambili.

Masheikh wetu nao, kwa heshima zote. Mawaidha ya kwamba gemu linapoteza wakati ni ya haki, na wakati ni amana. Ila nimesikia mawaidha mengi yanayomlaumu mchezaji peke yake na hayamgusi kabisa aliyetengeneza stroberi ya saa nne. Mbona riba tukiisema tunamtaja mkopeshaji? Mtu aliyeweka mtego wa kukuita wakati wa alfajiri, akakuwekea adhabu usipoitika, naye ana hesabu yake. Nasubiri hotuba ya Ijumaa itakayomtaja.

Ningependa tufanye vitu vidogo tu. Mtu akisema anafikiria kuacha, usishangilie, usiulize "kweli?" kwa kejeli. Muulize alikuwa anacheza na nani, na wale watu atawapataje sasa. Yule mwalimu nilimwambia awapigie wenzake wa kikosi simu ya kawaida, ya sauti. Aliona haya mwanzoni, kwamba mwanamume atampigia mwanamume mwenzake aseme nini? Kampigia yule wa Mwanza. Walizungumza juu ya kazi, juu ya mama yake kijana anayeumwa miguu. Kwa miaka miwili ya kucheza pamoja hakuwa anajua kwamba mama wa mwenzake anaumwa.

Kwa mtoto, kaeni mpange siku ya mwisho kabla msimu mpya haujaanza, msimu ukiisha ndipo anapoacha, akiwa na daraja lake alilolipata, apige picha ya skrini aiweke. Usimtoe katikati ya mechi. Wenzake watatu wanabaki bila mtu, na yeye anakuwa amewasaliti kwa ajili yako. Hiyo chuki haitakwenda kwa gemu. Pasi ya mwezi usimlipie tena. Gurudumu la bahati, hapo usijadiliane, hiyo ni kamari, mweleze hivyo na jina lake ulitaje.

Na sisi wenyewe, tuliojificha nyuma ya Candy Crush na ludo, tunaosema "mimi nacheza kidogo tu nikisubiri ugali uive." Wale wanawake wawili wa ludo walipoacha, kundi lao liliwasema kwa mwezi mzima. Kwamba wanaringa, wameokota ucha Mungu ghafla, wanajiona. Mmoja alirudi kucheza wiki mbili kwa sababu ya maneno tu, kisha akaacha tena. Aliyeacha jumla alifuta na kundi la WhatsApp, akapoteza na wateja wake wawili wa vitenge waliokuwamo humo. Hayo tunafanyiana sisi kwa sisi, hakuna kampuni ya Singapore iliyotutuma.

Kuna watakaoniambia, mbona wengi wanaoacha wanarudi? Wanarudi, ndiyo. Likizo ikifika, au mtu amefiwa, au kaachwa, usiku mrefu, anapakua tena. Wengi wanakaa siku chache, wanazunguka pale palipokuwa na rafiki zao, wanaona majina yao ya kijivu yakionyesha hawajaingia siku 300, wanatoka. Ukimwona mwanao amelifungua tena gemu lake la zamani, kabla hujapaza sauti, sogea uangalie skrini. Huenda hachezi. Huenda anasoma majina.